Sekunde Moja ya Giza: Namna Telefilamu za Marekani Zinavyojengwa

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, kazi yangu ya kila mchana baada ya shule ilikuwa kufasiria filamu. Mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa mshonaji. Mashine yake ya kushona ilikaa sebuleni ikitazamana na televisheni, na kama umeme ulikuwepo, saa tisa za mchana alifungua chaneli moja ya Ufaransa iliyotufikia kwa parabola. Yeye alisema Kiswahili na Kibemba. Kifaransa hakuwahi kukisoma. Mimi nilikuwa nimeanza kukisikia vizuri. Nilikaa kwenye kigoda karibu na miguu yake, na kila neno lililosemwa kwenye kioo nililirudisha kwa Kiswahili, mashine ikiunguruma kati yetu.

Filamu zenyewe zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Mwanamke wa mji mkubwa anarudi katika mji mdogo alikozaliwa. Theluji inaanguka. Anakutana na mwanaume mwenye duka la mikate, au mwenye shamba la miti ya Noeli, mara nyingi mfiwa na mke, mwenye mtoto mmoja mwerevu. Mwishoni wanabusiana na taa zinawaka mji mzima.

Siku moja wenzangu waliniita nje kucheza mpira. Kwenye kioo, wale wawili walikuwa wamekaa mbele ya moto wakitabasamu. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia mama mkubwa: "Imeisha. Wamepatana, wataoana." Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kitambaa. Alisema: "Haijaisha. Hawa hawajagombana bado." Nikarudi kukaa. Baada ya dakika chache picha ikawa nyeusi kwa muda wa sekunde moja, ikarudi, mwanamke akapokea simu ya mkubwa wake wa kazi, mwanaume akasikia nusu tu ya maneno, na ugomvi ukaanza. Mama mkubwa hakunigombeza kwa uongo wangu. Aliendelea kushona.

Leo niko mwaka wa mwisho katika kitivo chetu. Katika somo la nadharia ya masimulizi tulifundishwa habari za Vladimir Propp, yule Mrusi aliyeonyesha mwaka 1928 kwamba ngano za ajabu za kwao hujengwa kwa vitendo 31 vinavyofuatana kwa mpango ule ule. Mwalimu alipokuwa akivieleza, mimi nilikuwa namfikiria mama mkubwa na kitambaa chake. Lakini Propp hakunijibu swali moja, nalo ni lile la sekunde ya giza. Kwa nini picha ilizimika pale, wakati usiku haukuwa umepita katika hadithi, hakuna aliyelala, wala umeme haukukatika? Nilipotafuta jibu nilikuta kwamba ndani ya sekunde ile mna historia nzima ya filamu za aina hii. Nataka kuieleza hapa, kwa sababu naamini sisi tunaosoma lugha na fasihi tunaidharau bure.

Kwanza neno lenyewe. Wafaransa husema téléfilm. Mimi nitaandika telefilamu. Maana yake ni filamu kamili, yenye mwanzo na mwisho wake, ambayo haikupitia katika jumba la sinema. Mara yake ya kwanza kuonwa na watu ni nyumbani, kwenye televisheni. Kwa hiyo si tamthilia ya mfululizo inayoendelea wiki hata wiki, wala si filamu ya sinema iliyokuja kwenye televisheni baada ya kuzeeka.

Filamu za sinema zilipokuwa ghali

Mwezi wa Septemba 1961, kampuni ya televisheni ya NBC ilianza kuonyesha kila Jumamosi jioni filamu za Hollywood ambazo hazikuwa za zamani sana. Watazamaji walikuwa wengi, wenzake wakamwiga, na bei ikapanda. Mwaka 1966 kampuni ya ABC ilionyesha The Bridge on the River Kwai baada ya kulipa karibu dola milioni 2 kwa ajili ya filamu hiyo moja. Hesabu ilieleweka na kila mtu: filamu nzuri za sinema ni chache, wenye kuziuza wanajua ni chache, na ikishaonyeshwa mara mbili watu wameichoka. Kwa nini televisheni isitengeneze za kwake?

NBC ilikuwa imekwisha kuanza. Ilipatana na studio ya Universal ili wapige filamu za kwenda moja kwa moja kwenye televisheni. Ya kwanza ilipangwa kuwa The Killers, ya mwongozaji Don Siegel, ambamo aliigiza Ronald Reagan miaka mingi kabla ya kuwa rais. Ilipokamilika, NBC iliona ina ukatili kupita kiasi kwa watu waliokaa nyumbani na watoto wao. Ikaikataa, na Universal ikaipeleka kwenye majumba ya sinema. Hivyo heshima ya kuitwa telefilamu ya kwanza ilikwenda kwa See How They Run, iliyorushwa tarehe 7 Oktoba 1964. Tuliangalie jambo hilo vizuri. Tangu siku ya kwanza, aliyeamua ipi iwe telefilamu na ipi isiwe hakuwa mwandishi wala mwongozaji. Alikuwa yule anayefikiria nani ameketi sebuleni, na nani analipa ili amfikie.

Mwaka 1969 ABC ilianzisha kipindi kilichoitwa ABC Movie of the Week: telefilamu mpya kila wiki, ndani ya nafasi ya dakika 90. Kipindi hicho kiliendelea mpaka mwaka 1975. Katika dakika hizo 90, filamu yenyewe ilichukua kama dakika 74. Nyingine zote zilikuwa za matangazo. Hapo ndipo tunapoikuta sekunde yetu ya giza.

Sehemu saba

Makampuni yale makubwa ya televisheni hayakumdai mtazamaji hata senti. Aliyelipa ni mwenye sabuni, mwenye magari, mwenye unga wa keki. Na alichonunua hakikuwa filamu. Alinunua macho ya watu waliokaa kuitazama. Kwa hiyo filamu ni lazima isimame mara kadhaa ili mlipaji aseme neno lake, na kila inaposimama pana hatari. Mtazamaji anaweza kuinuka, akaenda jikoni, akageuza chaneli, asirudi tena.

Mwandishi wa telefilamu hujifunza kazi yake kutokana na hatari hiyo. Filamu ya nafasi ya saa mbili kwa desturi iligawanywa katika sehemu saba. Siku hizi mara nyingi ni nane au tisa. Kila sehemu huishia kwenye jambo lisilotatuliwa: mlango unafunguka, barua inasomwa, mwanamke anageuka na uso wake unabadilika. Picha inakuwa nyeusi, matangazo yanaingia. Yakiisha, hadithi inarudi palepale au karibu na pale, na mara nyingi mhusika mmoja anarudia kwa maneno machache yaliyotokea, kwa faida ya yule aliyekuwa jikoni.

Sehemu hizo hazilingani urefu. Ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu mtazamaji bado hajanaswa na hapaswi kupewa ruhusa ya kuondoka mapema. Katikati, saa kamili inapogonga, chaneli nyingine zinaanza vipindi vipya. Basi pale mwandishi hufunga fundo kubwa kuliko mengine. Kuelekea mwisho sehemu zinafupika, kwa kuwa mtu aliyevumilia saa moja na nusu hawezi tena kwenda kulala bila kujua mwisho wake. Katika filamu za mapenzi, ugomvi mkubwa huwekwa kabla ya sehemu ya mwisho. Mama mkubwa alikuwa amelijua hilo kwa macho tu. Kama hawajagombana, angalau sehemu mbili zimebaki.

Anayeona muundo huu ni wa kitoto akumbuke wazee wetu wanavyosimulia. Msimulizi wa ngano hukata kisa katikati, huingiza wimbo, wasikilizaji huitikia, kisha huendelea pale alipoachia. Kukata siyo kosa la masimulizi. Ni sehemu ya ufundi wake. Tofauti ninayoiona ni moja. Pumziko la ngano ni mali ya wasikilizaji, wao ndio wanaoimba. Pumziko la telefilamu ni mali ya mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani.

Na ndani ya kamba hiyo fupi wapo waliocheza vizuri sana. Tarehe 13 Novemba 1971 ABC ilirusha Duel. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na miaka 24. Mswada uliandikwa na Richard Matheson kutokana na hadithi fupi yake mwenyewe, na upigaji picha ulichukua kama wiki mbili. Kisa ni chepesi: mfanyabiashara anaendesha gari lake dogo katika barabara za jangwa la California, na lori kuukuu linamfuata likitaka kumuua, bila sababu. Uso wa dereva wa lori hatuonyeshwi mpaka mwisho. Ili ionyeshwe katika majumba ya sinema ya Ulaya, filamu iliongezwa matukio mapya ikafika dakika 90 hivi, na mwaka 1973 ikapata tuzo kuu ya tamasha la Avoriaz, Ufaransa. Siku 17 tu baada ya Duel, ABC hiyo hiyo ilirusha Brian's Song, kisa cha kweli cha wachezaji wawili wa timu ya Chicago Bears, mmoja mweusi na mmoja mweupe, waliokuwa wakilala chumba kimoja timu inaposafiri. Yule mweupe, Brian Piccolo, alikufa kwa kansa akiwa na miaka 26.

Jioni matangazo yaliponyamaza

Tarehe 20 Novemba 1983 ABC ilirusha The Day After, ya mwongozaji Nicholas Meyer. Inaonyesha watu wa kawaida wa Kansas City na mji wa jirani wa Lawrence, kabla na baada ya vita vya nyuklia kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Inakadiriwa kwamba watu milioni 100 waliitazama usiku ule. Katika nusu ya kwanza matangazo yaliingia kama kawaida. Lakini makombora yalipoanguka, hayakuingia tena. Makampuni mengi hayakutaka jina la bidhaa zao likae karibu na maiti, na ABC ikairusha sehemu yote iliyobaki bila tangazo hata moja.

Tufikirie hali ya mtazamaji aliyezoea kupumzishwa kila baada ya dakika kadhaa. Anangoja picha iwe nyeusi, sabuni ije, apumue. Haiji. Anabaki na watu wanaokufa polepole mpaka mwisho. Ukimya wa wafanyabiashara uligeuka kuwa sehemu ya lugha ya filamu.

Sisi wa isimu hatupaswi kushangaa. Tunajifunza katika mofolojia kwamba kukosekana kwa alama mahali inapotarajiwa nako ni alama. Nomino "gari" haina kiambishi kinachoonekana. Lakini tukiiweka karibu na "magari", ukosefu ule ndio unaotuambia ni moja. Vivyo hivyo tangazo lisilokuja. Lina maana kwa sababu tu mengine yote yalikuja.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1984, NBC ilirusha The Burning Bed. Farrah Fawcett aliigiza Francine Hughes, mwanamke wa Michigan aliyepigwa na mumewe kwa miaka mingi, mpaka usiku mmoja wa mwaka 1977 alipowasha moto chumbani mume akiwa amelala. Mahakama haikumtia hatiani. Jambo ambalo watu walilinong'ona jikoni liliingia katika nyumba za mamilioni kwa jioni moja. Wanaoidharau telefilamu husema ni filamu ya watu waliokaa nyumbani. Ni kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Mwanamke aliyekatazwa na mumewe kutoka nje asingeweza kununua tiketi ya sinema. Filamu hii ilimfuata alipo.

Waya nyuma ya mlima

Kwetu Lubumbashi tunajua antena ya kawaida na parabola. Televisheni ya kebo hatukuizoea, hivyo inahitaji maelezo. Ilianza mwaka 1948 katika miji midogo ya Marekani, kwa mfano katika milima ya Pennsylvania. Mawimbi ya televisheni hayavuki mlima vizuri. Watu wa mabondeni walisimamisha antena moja ndefu kileleni, wakashusha waya mpaka kila nyumba, na kila nyumba ikalipa kidogo kila mwezi. Mwanzoni waya ule ulileta chaneli zile zile za mjini. Baadaye wenye waya walitambua kwamba wanaweza kupitisha humo chaneli ambazo hazipatikani kwingine kokote.

HBO ilizaliwa hivyo, tarehe 8 Novemba 1972, katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania. Ilidai malipo ya kila mwezi na haikuweka matangazo ndani ya filamu. Mwaka 1975 ilianza kutumia setilaiti ili kuwafikia wenye kebo wa mbali, na pambano ililolizindulia ni lile la Muhammad Ali na Joe Frazier mjini Manila, karibu mwaka mmoja baada ya Ali kumwangusha George Foreman hapa kwetu, Kinshasa. Mwaka 1983 HBO ilionyesha telefilamu yake ya kwanza, The Terry Fox Story, juu ya kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya kansa na kuanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja wa bandia. Mlipaji alikuwa mtazamaji mwenyewe, hakukuwa na tangazo la kupisha, na mwandishi hakulazimika kufunga fundo kila dakika kumi na tano. Ukitazama filamu za namna hiyo hutaona sekunde ya giza isipokuwa hadithi yenyewe inaihitaji.

Chaneli nyingine za kebo zilifuata njia ya kati. Zilipokea sehemu ya malipo ya mwezi, na juu yake zikauza matangazo. Kwa kuwa zilikuwa na mifuko miwili, hazikulazimika kuwapendeza watu wote wa nchi. Ziliweza kuishi kwa kundi moja linalojulikana. Lifetime, iliyoanza mwaka 1984, ilichagua wanawake, na tangu mwaka 1990 ikawa inatengeneza telefilamu zake: mke anayegundua kwamba hamjui mumewe, mama anayemtafuta mtoto, jirani mwenye tabasamu la hatari. Disney Channel ilichagua watoto na vijana, na mwaka 2006 ikapata High School Musical. Syfy ilichagua wapenzi wa vitisho vya kuchekesha, na mwaka 2013 ikaleta Sharknado, ambamo kimbunga kinamwaga papa juu ya mji wa Los Angeles. Polepole makampuni makubwa yaliyoianzisha telefilamu yaliiacha, na kebo ikairithi.

Zile filamu za mama mkubwa zina ukoo wao. Hallmark ni kampuni ya Kansas City inayouza kadi za salamu. Usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1951 ililipia opera fupi ya Gian Carlo Menotti, Amahl and the Night Visitors, iliyotungwa kwa ajili ya televisheni ya NBC, na baada ya hapo ikaendelea kulipia michezo na filamu kwa miongo mingi. Mwaka 2001 chaneli ya kebo iitwayo Odyssey iligeuzwa kuwa Hallmark Channel. Mwaka 2009 chaneli hiyo ilianzisha msimu wa filamu za Noeli zinazofuatana kwa wiki nyingi kabla ya sikukuu, na kufikia mwaka 2019 filamu mpya za msimu mmoja zilikuwa karibu 40. Nyingi hupigwa Kanada, kwa wiki mbili au tatu kila moja, mara nyingi wakati wa joto. Theluji ni ya bandia, na waigizaji wanatoka jasho ndani ya makoti.

Kwa nini katika mji ule mdogo hakuna anayekosa kodi ya nyumba, na kila ugomvi unaponywa kwa neno la samahani? Mlipaji wa kwanza alikuwa muuza kadi za salamu, na kadi ya salamu ni kitu cha kuponya ugomvi kwa maneno machache yaliyochapishwa. Sisemi kwamba waandishi wamedanganywa au wamelazimishwa. Nasema kwamba katika telefilamu, ukitaka kujua kwa nini hadithi inakwenda hivi na si vile, anza kwa kuuliza nani analipa, kisha angalia inakatwa wapi.

Zinapofika kwetu

Sasa naweza kulijibu swali la utoto wangu. Chaneli ya Ufaransa inanunua filamu ya Marekani au ya Kanada. Matangazo ya Kifaransa ni machache zaidi, na yanawekwa mahali pengine. Lakini vile vifundo vilivyofungwa kwa ajili ya matangazo ya Marekani vimo ndani ya filamu yenyewe, havitoki. Picha inakuwa nyeusi, hakuna kinachoingia, picha inarudi. Ni kama gauni la mitumba: mwenye nalo wa kwanza aliligeuza kwa kiuno chake, na mshono wake unaonekana hata likivaliwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Mama mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa mishono, aliuona kabla yangu.

Kuna mshono wa pili, wa lugha. Kiingereza kina neno moja tu la kumwambia mtu "wewe". Kifaransa kina mawili, tu na vous, na wanaotia sauti za Kifaransa ni lazima waamue ni dakika gani wapenzi waache vous wachukue tu. Katika filamu nyingi nilizofasiria, mabadiliko hayo yalikuja karibu na busu la kwanza. Kwa hiyo mtazamaji wa Kifaransa anapewa habari ambayo haimo katika filamu ya asili: mlango umefungwa, kisha mlango umefunguliwa.

Mimi, mtoto wa miaka 12, nilipaswa kuipitisha habari hiyo kwa Kiswahili. Nilijaribu "mpenzi". Mama mkubwa alicheka mpaka akasimamisha mashine: "Nani anaita mtu mpenzi mbele ya mtoto?" Nilijaribu jina tupu la yule bwana, akakunja uso, mtu mzima haitwi hivyo. Mwishowe yeye mwenyewe alinipa jibu. Yule mwanaume ana mtoto anayeitwa Lucas, basi ni Papa Lucas. Kabla ya busu, nilimfanya mwanamke aseme "huyu bwana wa mikate". Baada ya busu, "Papa Lucas". Na mama mkubwa aliongeza ufafanuzi wake: "Akianza kumwita Papa Lucas, ujue amekubali kuwa mama ya yule mtoto."

Leo ninapofikiri juu ya hilo, naona kwamba tulikuwa tumebadilisha filamu. Kwa Kiingereza ilikuwa hadithi ya watu wawili wanaopendana. Kwa Kifaransa ikawa hadithi ya adabu inayoachwa. Kwa Kiswahili chetu ikawa hadithi ya mtoto anayepata mama. Hakuna tukio hata moja lililoguswa. Tulichagua tu namna ya kuita mtu. Nimesoma kurasa nyingi za nadharia ya tafsiri tangu wakati ule, na bado sijapata mfano unaonielea kuliko huo.

Na sisi je?

Mtu atasema: hayo ni mambo ya Wamarekani, yanatuhusu nini? Lakini mji wetu una mfano wake. Kundi la Mufwankolo lilijulikana Shaba nzima kwa michezo ya Kiswahili ya redio na televisheni. Mwaka 1986, kutokana na methali ya kwamba madaraka huliwa yote mazima, waliunda mchezo ambao ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi. Hawakuwa na mswada ulioandikwa neno kwa neno. Walijenga maneno yao katika mazoezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, akaitolea kitabu mwaka 1990. Mchezo wa Kiswahili uliotengenezwa ili uonwe nyumbani, basi, tumekuwa nao, na mgeni aliuona unastahili kitabu kizima.

Maswali niliyoyauliza kuhusu Marekani yanaweza kuulizwa kuhusu kila tunachokitazama hapa. Ninapotazama michezo ya kwetu, naihesabu: inakatwa wapi, na nani anaingia pale inapokatwa? Mara ni bia, mara ni salamu za mwanasiasa, mara ni mahubiri. Na hadithi inaporudi, je, imesogea kidogo upande wa yule aliyeingia? Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa kitivo hiki anaweza kuifanya kwa saa, daftari na kalamu. Nilipotaja mada hii kwa mara ya kwanza nikitafuta kazi ya mwisho wa masomo, niliambiwa kwamba filamu za mchana si fasihi. Huenda. Lakini ngano nazo ziliwahi kuambiwa hivyo.

Likizo iliyopita nilimpelekea mama mkubwa Duel kwenye kompyuta yangu. Macho yake yamechoka, hashoni tena sana, lakini alivuta kiti karibu. Nilikaa pembeni yake, tayari kufasiria, kama zamani. Maneno katika filamu ile ni machache: barabara, injini, mtu mmoja anayetoka jasho, lori. Picha ilipokuwa nyeusi mara ya kwanza alisema polepole, "Hapa wamekata." Alingoja uso wa dereva. Kila lori lilipokaribia alijisogeza mbele auone. Baada ya dakika ishirini hivi aligeuka akaniangalia kama mtu aliyekumbuka kitu, akasema: "Hii hainihitaji wewe. Nenda ukanitazamie bukari jikoni."

Nilikwenda. Nilipokuwa jikoni nilisikia injini ya lori ikipanda sauti, kisha kimya cha sekunde moja, kisha injini tena.